Nne au nane? Ukubwa wa paketi za sauti na pesa unazotuma

Jaribu kitu kidogo kabla hatujaanza. Sema "hamsini" kwa sauti, halafu useme "tisini". Sasa ondoa mwanzo wa kila neno. Kinachobaki ni "sini" na "sini". Chukua "nane", umeze ile a ya kwanza, na unabaki na kitu kinachosikika kama "nne". Na kwa wateja wetu wa Nyeri, Karatina na Othaya wanaohesabu kwa Kikuyu, mtego ni mbaya zaidi. Inya ni nne, inyanya ni nane. Ithatũ ni tatu, ithathatũ ni sita. Mtandao ukimeza silabi moja tu, nane inageuka nne na sita inageuka tatu. Si kwamba umekosa kusikia. Umesikia vizuri kabisa, ila ni namba nyingine.

Watu wa eneo hili wanapigiana sana simu za intaneti. Mama yuko Mukurwe-ini na mtoto yuko Boston. Mwenye agroveti Karatina anaongea na mkulima wa viazi kule Kieni. Wote wamegundua kwamba bando ya data inaongea muda mrefu kuliko kredo ya kawaida. Na mara nyingi mazungumzo yenyewe yanaishia kwenye pesa: tuma ngapi, kwa namba gani, till gani. Hapo ndipo mpangilio mmoja uliojificha ndani ya programu ya simu unapoanza kuwa na maana, ingawa karibu hakuna anayeutazama. Unaitwa ukubwa wa paketi ya sauti.

Matatu ya sauti

Ukiongea kwenye simu ya intaneti, sauti yako haitiririki kama maji kwenye bomba. Programu inaikata vipande vidogo, inafunga kila kipande kwenye paketi yake, inaandika anwani juu, na kuituma. Upande wa pili paketi zinafunguliwa na kupangwa tena. Kipande cha kawaida ni cha milisekunde 20. Sekunde moja ina milisekunde 1,000, kwa hiyo paketi 50 zinaondoka kila sekunde unayoongea, na 50 nyingine zinakuja kutoka kwa mwenzako.

Fikiria steji ya Nyeri, magari ya kwenda Nairobi. Kila matatu ina gharama ambazo hazibadiliki: ada ya steji, dereva, makanga. Iondoke na abiria watatu ama iondoke imejaa, gharama hizo ni zile zile. Ukitaka kuokoa pesa, unangoja ijae. Lakini wewe uliyeingia wa kwanza unakaa pale unatazama saa. Na gari likiharibika njiani hapo Sagana, waliokwama ni abiria wote waliokuwa ndani, si watatu tu.

Paketi ni hivyo hivyo. Abiria ni sauti. Gharama isiyobadilika ni anwani na maelezo ya safari, ambayo kwa simu nyingi za intaneti ni baiti 40 kwa kila paketi. Kuna baiti 20 za itifaki ya intaneti yenyewe, 8 za UDP, na 12 za RTP, ambayo ndiyo inayobeba namba ya foleni na saa ili sauti isichanganyike. Ukiweka paketi za milisekunde 20, unalipia baiti hizo 40 mara 50 kwa sekunde. Ukiweka za milisekunde 40, unazilipia mara 25 tu. Ndiyo maana mtu akikwambia "ongeza ukubwa wa paketi uokoe bando", hakudanganyi.

Swali ni unaokoa kiasi gani.

Hesabu ya bando

Chukua simu inayotumia kodeki ya Opus. Kodeki ni ile sehemu ya programu inayofinya sauti iwe ndogo kabla ya kufungwa, na Opus imekuwa kiwango rasmi cha intaneti tangu 2012. Tuseme imewekwa kilobiti 24 kwa sekunde, ambayo ni sauti nzuri ya kuongea. Kila milisekunde 20 inatoa baiti 60 za sauti. Ongeza 40 za anwani, unapata 100. Mara 50 kwa sekunde, kwenda na kurudi, kwa saa nzima: MB 36.

Ukibadilisha kuwa milisekunde 40, saa hiyo hiyo inakula MB 28.8. Umeokoa MB 7.2, si haba. Sasa ukaona uendelee hadi milisekunde 60. Unafika MB 26.4. Hatua ya pili imekupa MB 2.4 tu kwa saa nzima ya kuongea. Hapo ndipo watu wengi wanajidanganya. Wanafikiri kwamba kama 40 ni nzuri, basi 60 ni nzuri zaidi, lakini faida inapungua kila unapoongeza huku hasara ikizidi.

Na simu ya kuulizana kiasi cha pesa si ya saa nzima. Ni ya dakika kumi, pengine tano. Kwa dakika kumi, tofauti kati ya milisekunde 20 na 40 ni MB 1.2. Hiyo ndiyo akiba unayoweka kwenye mizani upande mmoja, na upande wa pili kuna uwezekano wa kusikia "hamsini" pale mtu aliposema "tisini".

Kama lengo ni bando, kodeki inaokoa zaidi kuliko paketi. Kuna kodeki ya zamani inayoitwa G.711, ambayo bado imejaa kwenye simu za mezani za ofisini. Haifinyi sana, inatumia kilobiti 64 kwa sekunde, na pamoja na anwani zake inakula MB 72 kwa saa kwa paketi za milisekunde 20. Ukiikuza paketi hadi 40, unashuka hadi karibu MB 65, na hapo umeokoa kama asilimia kumi tu. Lakini ukiiacha na kutumia G.729 kwa paketi zile zile za milisekunde 20, unashuka hadi MB 21.6. Hujagusa ukubwa wa paketi hata kidogo, na umeokoa zaidi ya theluthi mbili ya data. Kwa hiyo kabla ya kuanza kucheza na paketi, angalia kwanza ni kodeki gani inatumika.

Silabi inapotea wapi

Eneo letu ni la vilima na mabonde. Kati ya Mlima Kenya na safu ya Aberdare, matuta yamepangana kama vidole. Minara mingi ya simu iko juu ya tuta, na nyumba nyingi ziko kwenye mteremko, nyuma kidogo ya pale mnara unapotazama. Ukiwa Tetu ama Othaya unajua mwenyewe: sebuleni hakuna kitu, jikoni kuna vijiti viwili, na kwenye mti wa parachichi kuna mtandao kamili. Ndani ya gari kutoka Karatina kwenda Kerugoya simu inahama kutoka mnara mmoja hadi mwingine, na kila inapohama paketi kadhaa zinaweza kuanguka.

Paketi ya sauti ikipotea haitumwi tena. Hakuna muda. Programu inajaribu kuficha pengo kwa kunyoosha sauti iliyosikika kabla yake, kama fundi cherehani anayevuta kitambaa kifunike shimo. Kwa pengo la milisekunde 20 inaweza vizuri sana, hata hutajua. Kwa pengo refu inaanza kubahatisha. Kile kiambatisho cha G.711 kinachoeleza namna ya kuficha mapengo kinaanza kupunguza sauti baada ya milisekunde 10 za kwanza, na kikifika milisekunde 60 kinanyamaza kabisa. Yaani paketi moja tu ya milisekunde 60 ikianguka, umetumia uwezo wote wa kuficha. Ikianguka ya pili ikifuatana nayo, ni kimya.

Silabi moja ya mtu anayeongea haraka inachukua kati ya milisekunde 150 na 200 hivi, na ile konsonanti inayotofautisha neno na neno ni fupi kuliko hapo. Paketi mbili au tatu za milisekunde 60 zinatosha kuondoka na "nya" nzima ya inyanya. Zile za milisekunde 20 zikianguka tatu zilizotawanyika, kila moja inaacha tundu dogo linalozibika.

Kwa haki, tuseme pia hili: mtandao ukizimika kabisa kwa robo sekunde, hakuna ukubwa wa paketi utakaokuokoa. Kilichopotea kimepotea. Lakini upotevu mwingi wa kila siku si wa kuzimika. Ni wa paketi moja hapa na nyingine pale, na huo ndio ambao paketi ndogo zinaustahimili.

Na kuna kuchelewa. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, lilipendekeza kwamba sauti ifike upande wa pili ndani ya milisekunde 150 ili mazungumzo yawe ya starehe, na isizidi 400. Kutoka hapa hadi pwani ya mashariki ya Marekani ni zaidi ya kilomita 11,000 hata ukienda kwa mstari ulionyooka, na mwanga ndani ya nyaya za baharini unakwenda takribani kilomita 200 kwa milisekunde. Milisekunde 55 zimekwisha kabla hujafungua mdomo, na nyaya zenyewe hazinyooki. Wanaokumbuka simu za saiba kabla ya 2009, nyaya za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa, wanakumbuka ile hali ya kusema "haloo" na kungoja. Sauti ilikuwa inapanda hadi setilaiti iliyo kilomita karibu 36,000 juu, na kurudi. Nyaya zilitupunguzia kuchelewa huko. Ukiweka paketi za milisekunde 60 unarudisha sehemu yake, kwa sababu lazima programu ingoje milisekunde 60 za sauti zijae kabla paketi haijaondoka, na upande wa pili nao unangoja paketi kadhaa zijipange kabla ya kuzicheza. Mkianza kuongea kwa wakati mmoja na kukatizana, kila mmoja anarudia nusu ya alichosema. Namba zinazosemwa nusu nusu hivyo ndizo zinazokosewa.

Basi uweke ngapi

Maoni yetu ni haya, na si ya kuzungukazunguka: acha 20. Ndiyo thamani ya kawaida kwenye programu nyingi, na haikuchaguliwa kwa bahati nasibu. Hata mtandao wa zamani wa GSM, ile simu ya kawaida, hukata sauti kwa vipande vya milisekunde 20. Panda hadi 40 pale tu unapoongea kwa muda mrefu, mtandao ni thabiti, na mnasalimiana tu bila hesabu. Hiyo 60 waachie wenye sababu maalum.

Sababu maalum zipo, na nyingi ziko ofisini. Chukua hoteli Nanyuki au Naro Moru, ama ofisi ya sacco yenye simu kumi za mezani zinazotumia waifai moja. Simu kumi zikiongea kwa pamoja kwa milisekunde 20 ni paketi 1,000 kila sekunde, kwenda na kurudi. Waifai haichoshwi na uzito wa data peke yake, inachoshwa pia na idadi ya paketi, kwa maana kila paketi lazima ingoje zamu yake hewani. Ukiweka 40, zinakuwa 500, na simu zinazokatika saa nne asubuhi wakati watu wamejaa zinaweza kutulia. Ofisi kama hiyo itafanya vyema kuweka simu kwenye waya badala ya waifai, lakini si kila mtu ana uwezo wa kutoboa ukuta leo.

Kwenye simu za mezani za Yealink, mpangilio huu unaandikwa ptime na thamani yake ni milisekunde. Kwenye Grandstream unaitwa "Voice Frames per TX", na hapo usishtuke ukikuta 2. Hiyo si milisekunde mbili, ni vipande viwili vya milisekunde 10, yaani 20. Ukiandika 20 pale ukidhani unaandika milisekunde, umeomba paketi za milisekunde 200, na mkurugenzi ataanza kusikika kama roboti. Kwenye programu za simu za SIP kama Linphone na Zoiper, tafuta sehemu ya mipangilio ya ndani ya sauti au ya mtandao. Toleo na toleo hutofautiana, na baadhi hazikuruhusu kubadilisha.

Jambo moja linalowachanganya hata mafundi: ptime unayoweka mara nyingi ni ombi. Simu yako inamwambia mwenzako "ningependa unitumie vipande vya kiasi hiki", naye anaweza kukubali au kuendelea na chake. Kwa hiyo ukibadilisha upande wako na usione tofauti, si lazima umekosea. Upande wa pili ndio unaoamua inachotuma.

WhatsApp haikuruhusu kuchagua ukubwa wa paketi kabisa, inajirekebisha yenyewe kulingana na mtandao. Inachokupa ni swichi moja ndani ya mipangilio, sehemu ya hifadhi na data, ya kutumia data kidogo wakati wa kupiga simu. Ukiiwasha sauti inafinywa zaidi. Iwashe kwa simu za jioni za kujuliana hali kama bando inakwisha haraka. Ukitaka kuzungumzia pesa, izime kwanza. (Walio Dubai na kwingineko Falme za Kiarabu mnajua simu za WhatsApp zimezuiwa huko, na wengi wenu mko BOTIM. Ushauri wa namba hapa chini ni ule ule.)

Sauti kwa mtu, maandishi kwa namba

Hata kwa mpangilio mzuri kuliko wote, usikubali namba iliyosikika tu. Tuseme uko Karatina, gari la viazi limepakiwa Kieni, na mkulima anakwambia kwa simu ya intaneti till yake na kiasi. Mwambie, "Mzee, niandikie hiyo kwa meseji." Si kumdharau. Maandishi hayapotezi silabi. Kisha ukiingiza till, jina likitokea kwenye skrini lisome lote kabla ya kukamilisha malipo. Kama ulisikia nne kwa nane, jina ndilo litakaloonyesha kwamba umefika kwa mtu mwingine. Pesa ikishaingia kwa till ya mgeni, kuirudisha kunahitaji muda, na huenda imeshatumika.

Lakini maandishi nayo yana ugonjwa wake. Mwizi aliyeteka akaunti ya ndugu yako atakuandikia vizuri sana, namba zote sawasawa, na atakwambia "mtandao ni mbaya siwezi kupiga". Kwa hiyo msikie mtu kwa sauti, hata kwa sekunde thelathini za simu mbovu, umtambue, umuulize kitu ambacho ni yeye tu anajua. Namba ichukue kwa maandishi. Kimoja bila kingine hakitoshi.

Na kuna wale wanaopiga simu inayokwaruza wakisema ni huduma kwa wateja, sauti inakatika, wanakuomba "urudie polepole" PIN yako ama ile namba ya siri iliyotumwa kwa SMS, ati mtandao umeimeza. Mtandao haujaimeza. Hakuna mfanyakazi wetu anayehitaji PIN yako, iwe simu ni safi au inakwaruza. Kata.

Namna ya kujaribu

Ukibadilisha mpangilio wowote, jaribu kabla ya siku unayouhitaji. Pigia mtu wa nyumbani, simama mahali unapoongelea kwa kawaida, si pale kwenye mti wa parachichi. Msomee namba nane zilizochanganywa ovyo kutoka nne, nane, tatu na sita, kwa lugha mnayotumia kila siku, kwa kasi yenu ya kawaida, naye aziandike bila kukuuliza. Halafu abadilishe, asome yeye uandike wewe, kwa sababu njia ya kwenda na ya kurudi si moja na moja inaweza kuwa mbovu peke yake. Fanya hivyo asubuhi na tena saa mbili usiku, wakati kila mtu yuko kwenye simu na mnara umelemewa. Kama zote zimeandikwa sawa kwa 40, kaa na 40. Kama hata moja imekosewa, rudi 20. Ikikosewa hata kwa 20, tatizo ni mtandao wa pale ulipo, na namba zozote za pesa zitoke hapo kwa SMS ya kawaida, ambayo haihitaji bando.